Fahali wa Mwagimbu

Wahenga walisema mganga hajigangi. Maana yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuimeza: mtu anaweza kuwa bingwa wa kutibu maradhi ya wenziwe, lakini yakimpata ya kwake ujuzi wote humtoroka, na hana budi kunyoosha mkono kwa mwingine. Nchi ya Wasukuma ina waganga wengi kuliko maduka, na kila mmoja wao anaijua siri hii. Nfumu, kama wanavyomwita kule, akiumwa tumbo hajipigii ramli. Humtia kuku kwapani akaenda kijiji cha pili kwa nfumu mwenzake, akaketi kwenye kigoda kama mgonjwa yeyote, akaulizwa maswali ya kumwaibisha, naye akajibu. Haoni haya. Wenye kuona haya ni sisi wengine, tunaodhani tunaweza kujitazama kisogo. Watu wa Mwagimbu walidhani hivyo, na nusura wamzike mtu.

Mwagimbu kilikuwa kijiji cha pamba, mtama na ng'ombe, kati ya Bulyanhulu na Geita. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, miaka ambayo mtu aliyepata kipande cha sabuni aliwaambia jirani zake kwanza, kisha akaoga. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mageni, alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali na mapenzi makubwa kwa redio yake. Siku moja aliitisha mkutano, akawaeleza wanakijiji habari ambayo hawakuitegemea.

"Ndugu zangu," alisema, "serikali yetu ni miongoni mwa serikali zinazochangia Kamati ya Kimataifa ya Kutetea Wafungwa. Hawa ni watu wanaoingia katika magereza ya nchi mbalimbali na kuuliza: huyu amefungwa kwa kosa gani, nani amemhukumu, anakula nini? Mwaka huu mfuko wa serikali umetoboka, nanyi mnajua sababu. Mkoa unaomba kila kijiji kisaidie ili mchango wa nchi yetu usipungue."

Ngassa, kamanda wa walinzi wa kijiji, alisimama. Alikuwa mkulima hodari, mfupi, mwenye mikono kama mpini wa jembe, na hakuwa na kawaida ya kuzungusha maneno. "Ndugu Mwenyekiti, hao wafungwa wa ng'ambo wananijua mimi? Kisima chetu kimejaa matope. Tuchimbe kisima kwanza, wa mbali tuwakumbuke baadaye."

Watu walicheka na kutikisa vichwa kumkubali. Ni kweli, hoja ile haikuwa ya kipumbavu. Mtu mwenye kiu husikia habari ya maji kabla ya habari nyingine yoyote.

Mageni akangoja wanyamaze. "Ngassa, kule Kusini kwa Makaburu kuna mtu amefungwa bila kuambiwa kosa lake. Mkewe hupeleka chakula mlangoni, anakaripiwa na askari, anarudi nyumbani akilia. Sisi tulio huru tusipomlipia nauli mtu wa kwenda kuuliza habari zake, ni nani atauliza?"

Maneno yale yaliwaingia. Kina mama walishika mashavu. Kabla jua halijapinda, kijiji kilikubali kutoa fahali mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, fahali ambaye hata watu wa Bulyanhulu walikuwa wakimtamani. Walimsindikiza mnadani kwa ngoma, na aliyeshika kamba alikuwa Ngassa mwenyewe, maana akishashindwa kwa hoja hakuwa mtu wa kununa. Tangu siku hiyo Mwagimbu ilivimba kichwa. Mgeni akipita njiani aliambiwa habari za fahali kabla hajapewa maji ya kunywa.

Kisha mvua ikagoma. Mawingu yalikuja, yakasimama juu ya mashamba, yakaondoka bila kuaga. Pamba ilichipua na kusinyaa. Wakulima walipanda tena, na mbegu ya pili nayo ikaliwa na vumbi. Ngassa alikuwa akienda shambani kila asubuhi, anachutama, anafukua mbegu kwa kidole, anaifukia tena. Watoto wake walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na uchungu wake ulikuwa unatafuta mahali pa kutua.

Ukatua kwa Marcel. Huyu alikuwa kijana wa Kizinza kutoka pande za Chato, mchimbaji wa dhahabu, aliyemwoa Zipora binti Mageni na kuhamia ukweni. Nyuma ya mlima alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, alilolichimba kwa sururu na subira. Mkulima na mchimbaji hawaombi dua moja. Mvua inayomnenepesha mkulima hulijaza duara maji na kuuangusha udongo. Hivyo wakati wenziwe wakitazama mbinguni kwa huzuni, Marcel alitazama chini kwa furaha. Kosa lake lilikuwa kuisema furaha hiyo kilabuni, mbele ya watu wenye njaa.

"Mvua ikichelewa kidogo tu," alisema huku akijifuta povu la pombe mdomoni, "nitaufikia mwamba wenye mali."

Kilabu kizima kiligeuka kumtazama. Kesho yake mtu mmoja akakumbuka kuwa juu ya duara la Marcel kulikuwa na mti mrefu uliosimikwa, na juu ya mti huo chungu kilichopakwa chokaa na kupinduliwa, mdomo chini, matako juu. Nani asiyejua katika nchi ile kwamba chungu kinachopinduliwa kuelekea mbinguni ni kifuniko cha mvua? Jambo likawa wazi kama mchana: Marcel alikuwa amefunga mvua ili duara lake libaki kavu.

Ngassa na walinzi wake walikwenda kumchukua. Hawakumpiga, na hilo lisemwe kwa haki yao. Walimtia katika ghala la pamba na kumfungia kwa nje. "Utatoka mvua ikinyesha," Ngassa alimwambia. "Ulivyoifunga ndivyo utakavyoifungua."

Ghala lile lilikuwa tupu, ila kona moja ilikuwa na mifuko ya dawa ya kunyunyizia pamba, mingine imepasuka. Bati lilichoma mchana kutwa. Marcel alianza kukohoa siku ya kwanza, na kikohozi kikazidi kuteremka kifuani siku baada ya siku. Zipora alikuwa akipeleka ugali na maziwa, mlinzi anavipokea mlangoni na kumwamuru arudi. Sahani ilianza kurudi na nusu ya chakula, kisha ikarudi karibu kama ilivyokwenda.

Zipora alimwendea baba yake akampigia magoti. "Baba, atafia mle ndani. Wewe ndiye mwenyekiti. Sema neno."

"Mwanangu, neno gani?" Mageni alijibu kwa sauti ndogo, sauti ambayo mkutano haukuwahi kuisikia. "Yule ni mkwe wangu. Nikifungua mlango watasema chungu kile ni chetu sote. Watamfuata yeye, wanifuate mimi, wakufuate na wewe. Yeyote atakayemtetea atahesabiwa kuwa mshirika wake. Umesikia mtu mwingine akisema?"

Zipora hakuwa amesikia. Wengi walikuwa na shaka moyoni, lakini kila mmoja aliichelea shingo yake.

"Basi nenda ukamwone tu," Zipora alimsihi.

"Mkwe nitamwonaje katika hali ile?"

Hapo kulikuwa na fundo jingine. Kwa desturi yao, mtu na mkwewe huheshimiana kwa kupishana njia. Hawali chombo kimoja, wala mmoja hamwoni mwenziwe katika hali ya aibu. Marcel alikuwa amefungiwa bila shati, mchafu, anajisaidia katika debe. Kumchungulia kungekuwa kumvua nguo mara ya pili. Hivyo mtu pekee mwenye madaraka ya kulifungua ghala ndiye pekee ambaye heshima ilimkataza kulisogelea, na alikuwa anapita njia ndefu ya mbuyuni ili asisikie kikohozi.

Zipora aliinuka, akajipangusa vumbi magotini. "Baba, yule mwanamke wa kwa Makaburu uliyetusimulia mkutanoni, anayepeleka chakula mlangoni na kukaripiwa. Nilimlilia siku ile. Sikujua najililia mwenyewe."

Mageni alizima redio, na usiku ule hakuiwasha tena.

Baada ya siku chache katibu tarafa alipita na pikipiki yake, akasema mjumbe wa Kamati anakuja kutoka Dar es Salaam kuwashukuru watu wa Mwagimbu kwa fahali wao. Kijiji kikafufuka. Walifagia uwanja, wakachinja mbuzi wawili wasio na nyama, wakawafundisha watoto wimbo wa kuwataka Makaburu wawaachie wafungwa. Walifanyia mazoezi wimbo huo kando ya ghala la pamba, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Marcel aliusikia ukiimbwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna aliyeona ajabu.

Ngassa alipendekeza mfungwa ahamishiwe kwingine hadi mgeni aondoke. "Hapana," alisema Mageni. "Aachwe alipo." Ngassa alidhani mwenyekiti ameona kuwa haina haja. Ukweli ni kwamba Mageni mwenyewe hakujua kwa nini alisema vile. Moyo wakati mwingine hutangulia, akili ikafuata na fimbo.

Mjumbe aliwasili kwa Landrova iliyojaa vumbi, akateremka. Watu walikuwa wametarajia Mzungu mwenye miwani. Wakamwona mwanamke wa makamo, Mkurya kutoka pande za Tarime, aliyejifunga kitenge juu ya gauni na kuvaa viatu vya raba. Jina lake lilikuwa Ghati. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, akakaa kwenye kigoda badala ya kiti alichowekewa, akala nyama ngumu ya mbuzi wale bila kulalamika. Kina mama walimpenda mara moja.

Watoto waliimba. Mageni akahutubia, lakini kwa ufupi usio wa kawaida yake. Kisha Ghati akasimama.

"Wabeja," alisema, na uwanja ukacheka kwa furaha kumsikia akishukuru kwa Kisukuma. "Fahali wenu nimemsikia mpaka wilayani. Kwa mchango wa nchi kama hii, mwenzangu mmoja ameingia katika gereza ambalo halikuwahi kupokea mgeni, na watu kadhaa wamerudi kwao. Huo ni mkono wenu. Sasa nina ombi. Serikali inayoichangia Kamati hutia saini kwamba milango yake itafunguliwa ya kwanza. Hatuwezi kwenda kugonga kwa mwingine kabla ya kugonga kwa aliyetulipia nauli. Kwa hiyo kila ninapofika huomba nioneshwe mahali wanapowekwa watu waliokosa."

Walinzi waligeuka kulitazama ghala.

Ngassa alijikohoza. "Mama, sisi ndio tuliotoa. Unataka kutukagua sisi?"

"Ndiyo, baba. Ninyi ndio mlionipa nauli ya kufika hapa."

"Sisi si magereza. Hatuna mahabusu."

Ghati hakubishana naye. Alimgeukia Mageni. "Ndugu Mwenyekiti, ni kweli?"

Mageni alimtazama Ngassa, akawatazama watu wake, akamwona Zipora amesimama nyuma ya kina mama na sahani iliyofunikwa kawa mkononi, maana ilikuwa saa ya chakula. Mambo mengi yalimjia, lakini moja lilikuwa kubwa kuliko yote: hatimaye mtu wa nje alikuwa amemuuliza. Tangu ghala lilipofungwa hakuna aliyemuuliza swali ambalo angeweza kulijibu bila kuonekana anamlilia mkwewe. Alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Tuna mtu mmoja," alisema. "Yumo katika ghala lile. Ni mkwe wangu, na ndiyo sababu mimi siwezi kumtoa."

Manung'uniko yalipita. Ghati aliomba mlango ufunguliwe, na mlinzi, baada ya kumtazama Ngassa na kuona Ngassa anatazama chini, akaufungua. Marcel alitoka ameshika ukuta. Jua lilimpiga usoni akaziba macho. Alikuwa amekonda hata suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, na kikohozi kilimkunja katikati kama kisu cha mfukoni. Mama mmoja alisema polepole, "Mayu we," yaani mama yangu, na hakuna aliyemkanya.

Mageni aligeuza uso pembeni kabisa, kama desturi ilivyotaka. Lakini alivua koti lake la mikutano, akalinyoosha kwa mkono mmoja kando yake bila kutazama, mpaka Marcel akalipokea na kulivaa.

"Amekosa nini?" Ghati aliuliza.

"Amefunga mvua," Ngassa alijibu. Sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa imechoka. "Mama, njoo uone shamba langu. Nimepanda mara mbili. Wanangu hawajashiba tangu mwezi uliopita. Yeye anakaa kilabuni anashangilia. Na juu ya duara lake amepindua chungu."

"Pole, baba. Shamba lako nimeliona nikija, na nimesikitika. Niruhusu nimuulize na yeye." Akamgeukia Marcel. "Chungu kile ni cha nini?"

Marcel alingoja kifua kitulie. "Ni alama. Mwaka jana ndama wa Mzee Ngassa alitumbukia duarani mwangu, akavunjika mguu. Mzee alikuja amekasirika, na alikuwa na haki. Akaniambia nisimike alama ambayo hata mchungaji aliyelewa ataiona. Nikasimika mti. Chungu cha mke wangu kilikuwa kimetoboka, nikakipaka chokaa, nikakivika juu."

Macho yote yalihamia kwa Ngassa. Ngassa alimkumbuka ndama yule. Ukali wake mwenyewe aliukumbuka, hata maneno ya mchungaji aliyelewa aliyakumbuka, kwa sababu aliyapenda sana siku alipoyasema.

"Mbona hukutuambia?" aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

"Mliniuliza nimetumia dawa gani. Hamkuniuliza chungu ni cha nini."

Mtu mmoja kutoka nyuma hakuridhika. "Aachiwe, sawa. Lakini aachiwe mvua ikinyesha."

"Haya, tuseme hivyo," Ghati alisema, akiwa mpole vilevile. "Mvua ikinyesha yumo ndani, mtasema kufungwa kumemfundisha adabu. Ikinyesha yuko nje, mtasema amefungua. Isiponyesha kabisa, mtasema ni mkaidi. Wazee wangu, nionesheni mlango ambao mtu huyu anaweza kupita."

Bibi mmoja kizee akacheka. Alicheka kwa pua kwanza, kisha kwa mabega, akasema, "Tumemfunga mtu kwa kamba isiyo na ncha." Wengine wakamfuata. Hakikuwa kicheko cha mzaha. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi kwa muda mrefu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Waliokuwa na shaka waligundua kuwa karibu kijiji kizima kilikuwa na shaka, na furaha ya ugunduzi huo iliwalegeza hata wengine wakafuta machozi. Zipora aliweka sahani chini akapiga vigelegele, na sauti yake ikakatika katikati kwa kilio. Ghati alimpandisha Marcel katika Landrova kumpeleka hospitali, Zipora akaketi kando yake akimshikia koti la baba yake lisimdondoke.

Marcel alirudi akiwa mzima. Kifua kilikuwa kimepona, na maneno ya kilabuni alikuwa ameyaacha. Mvua nayo, kwa ukaidi wake, ilikuja pale tu ilipojisikia, siku nyingi baada ya watu kuacha kuitazamia. Ilinyesha kwa wingi, mashamba yakanywa, na duara la Marcel likajaa maji mpaka mdomoni. Alikuwa amesimama pale na ndoo yake moja, hajui aanzie wapi, alipomwona Ngassa anapanda mlima na ndoo mbili na kamba begani.

Ngassa hakuomba radhi kwa maneno. Alifunga kamba kwenye ule mti wenye chungu, akautikisa kuona kama ni imara. "Alama nzuri," alisema. "Hata mimi nimeiona." Walicheka wote wawili, wakateka maji mpaka jioni.

Mwaka uliofuata mkoa uliomba mchango tena. Mageni hakuwa amemaliza kueleza wakati Ngassa aliposimama, na watu wakajiandaa kusikia habari za kisima.

"Safari hii fahali atatoka zizini kwangu," alisema.

"Na kisima je, Kamanda?" mtu alimtania.

"Kisima nitachimba kwa mikono yangu, na Marcel amekubali kunisaidia, maana kuchimba anajua. Lakini mtu wa kuja kuniuliza ninachokifanya nyuma ya mlango wangu, huyo siwezi kujichimbia. Huyo lazima atoke mbali, na lazima tumlipie nauli."

Mzee Mageni, ambaye alikuwa ameandaa hotuba ndefu, aliikunja moyoni akaketi, akamwachia Ngassa mkutano. Yeye, aliyejua kuwatetea wafungwa wa nchi za mbali, alishindwa kumtoa mkwewe hatua chache kutoka mlangoni pake, mpaka alipofika mtu wa mbali kumtolea. Hakika mganga hajigangi.